Tumeumbwa kwa Kazi Gani? Swali la Watu wa Masisi na Walikale, 1944

Katika seminari kubwa tunajifunza swali la maana ya maisha ya mtu kama vile ni swali la Athene, au la Ufaransa baada ya vita. Tunasoma Sokrate, tunasoma Pascal, tunasoma hata Camus. Mimi nami nilisoma hivyo, nikapata pointi nzuri, wala sidharau masomo yale. Lakini swali hilohilo liliulizwa katika nchi yetu, kwa lugha zetu, na watu waliotembea miguu mitupu katika pori wakibeba vikapu vya mpira. Mwaka wa 1944 waliliuliza kwa sauti kubwa, nao wakajibiwa kwa risasi. Neno hili halimo katika vitabu vingi vya shule, na sisi mapadri tukilitaja, tunalitaja upesi, chini ya kichwa cha “dini za uongo”. Nataka kulieleza polepole kidogo.

Nianze Nyabiondo. Wasioijua wajue ya kwamba ni mahali pa soko katika Masisi, nchi ya Wahunde, upande wa Osso-Banyungu. Ukisimama pale, nyuma yako kuna vilima, na mbele yako pori linaanza: nchi ya Wanyanga, kisha Walikale, kisha mbali sana nchi ya Wakumu hata Lubutu. Ni mlango kati ya vilima na pori. Watu wa pande zote mbili hukutana sokoni, na habari za pande zote mbili hupita hapo.

Katekista mmoja mzee aliyetufundisha mafundisho ya komunio ya kwanza alikuwa mtoto wakati wa vita vya Wazungu, vile vya pili. Siku hizi amekwisha kufariki, Mungu amlaze pema. Alitufundisha kwa namna ya zamani: swali na jibu, kwa moyo, bila kukosa neno. Nanyi mnajua swali linalofika mwanzoni kabisa, lile la kusudi la Mungu katika kumwumba mtu, na jibu lake lenye maneno matatu: kumjua, kumpenda, kumtumikia. Siku moja mtoto mmoja alikosa, akaruka neno la tatu. Mzee hakukasirika. Alicheka peke yake, kisha akatuambia habari ya baba yake.

Baba yake, alisema, alitoka pori baada ya siku nyingi za kutafuta mpira, mikono imepasuka, na deni la mpira bado halijaisha. Akakaa nje ya nyumba. Ndani mtoto wake anarudilia somo la kapela kwa sauti: Mungu ametuumba tumjue, tumpende, tumtumikie. Baba akanyamaza kidogo, akamwita mtoto, akamwuliza: “Hata Mungu naye anataka tumtumikie? Na yeye ana kapita?”

Msomaji wa Kongo anaelewa mara moja. Kwetu kutumika ni kufanya kazi, na zaidi kazi ya bwana fulani. Anatumika kwa kompanyi, anatumika kwa Leta, anatumika kwa Mzungu. Kapita ni msimamizi anayehesabu vikapu na siku. Mtu aliyetumika toka asubuhi hata jioni kwa watu asiowajua, katika vita asivyovijua, anasikia ya kwamba hata mbinguni amewekewa kazi. Nimesoma vitabu vingi juu ya maana ya maisha, lakini sijakuta mahali pengine swali hili likiulizwa kwa ufupi namna ile. Mzee alituambia ya kwamba yeye hakujua la kujibu, akarudi ndani kuendelea na somo.

Tutazame sasa kwa nini baba yule alikuwa katika pori.

Mwezi wa tano 1940 Ujeremani iliishika Ubelgiji. Wakubwa wa serikali ya Ubelgiji walifika London, na Gavana Mkuu wa Kongo, Pierre Ryckmans, aliiweka Kongo upande wa Uingereza katika vita. Mwanzo wa mwaka 1942 Wajapani wakaishika Malaya na visiwa vya Indonesia. Nchi zile ndizo zilizotoa sehemu kubwa sana ya mpira wa dunia, na bati nyingi pia. Motokari za jeshi hazitembei bila mpira, na ndege hazishuki bila mpira. Basi mataifa yaliyopigana na Ujeremani na Ujapani yakaitazama Kongo. Mpira wa pori, ambao wazee walikuwa wameanza kuusahau baada ya mateso ya wakati wa mfalme Leopoldi wa pili, ukatakiwa tena. Dhahabu na bati za Kivu na Maniema zikatakiwa. Sheria ya kazi za lazima, ambayo kwanza ilidai siku 60 kwa mwaka kwa kila mwanaume wa kijiji, mwaka wa 1942 ilipanda hata siku 120.

Siku 120 ni miezi mine. Ongeza kodi, ambayo haikuacha kutakiwa. Ongeza kazi ya barabara. Ongeza chakula ambacho vijiji vilipaswa kukipeleka kwenye kambi za wachimbaji wa madini, na mnajua nani anakilima chakula kile na nani anakibeba mgongoni: mama zetu. Ongeza fimbo, kwa kuwa ile fimbo ya ngozi ya kiboko ilikuwa bado ni adhabu ya kila siku, mbele ya watu wote, na mtu mzima alilazwa chini mbele ya watoto wake. Wengine watasema vita vilikuwa vya haki, na kweli Hitler alipaswa kushindwa. Sikatai. Lakini nani alimweleza mtu wa Walikale vita vile? Aliambiwa kilo tu.

Sasa Kitawala. Jina hili latoka katika Watch Tower, yaani Mnara wa Mlinzi, lile shirika la Marekani. Mwaka wa 1908 Elliot Kamwana alianza kuhubiri habari zake kando ya ziwa la Nyasa, akabatiza watu maelfu kwa miezi michache, na mwaka wa 1909 serikali ya Waingereza ikamhamisha. Toka hapo mafundisho yakatembea na wachimbaji wa madini, kutoka kambi hata kambi, yakaingia Rhodesia ya Kaskazini na Katanga, tena yakageuka njiani. Mwaka wa 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, ndiyo kusema Mwana wa Mungu, alitumia ubatizo wa maji kuwafichua wachawi, akawaua watu wengi pande zote mbili za mpaka. Waingereza wakamnyonga mwaka wa 1926. Ni habari ya kutisha, na wasomaji wasidhani ya kwamba ninaificha. Shirika lenyewe la Marekani halikuwatambua Wakitawala hawa kuwa watu wake.

Lakini lisikilizeni jina lenyewe. Katika masikio ya Mswahili, Kitawala si mnara wala mlinzi. Ni kutawala. Watu wanaotumika wakasikia dini inayoitwa kwa neno la kutawala. Sidhani kuna mhubiri aliyepata jina bora kwa bahati njema kama ile.

Serikali ya Katanga iliwashika Wakitawala na kuwahamisha mbali na kwao, kwa sehemu za mashariki na kaskazini, ili wanyamaze. Ni kama mtu anayetaka kuzima moto kwa kutupa makaa katika nyasi za jirani. Waliohamishwa walifika katika nchi ambamo watu walikuwa na swali lakini hawana neno lake. Wakawafundisha: Watu wote ni sawa mbele ya Mungu. Ufalme uko karibu. Kodi itakwisha, fimbo itakwisha. Acheni dawa za uchawi na hirizi. Wengine walisema Wazungu wameficha sehemu ya Biblia.

Huko, katika nchi ya Wakumu, alitokea Bushiri Lungundu. Watu walimwita Mukombozi. Mwanzo wa mwaka 1944 watu wake wakainuka, katika nchi ambayo makaratasi ya serikali yaliita Masisi-Lubutu, na pori la Walikale liko katikati ya majina hayo mawili. Walikataa kazi, wakaingilia kazi za kompanyi na vijiji vya wakubwa waliowekwa na serikali, wakawashika Wazungu. Serikali ikatuma askari wa Force Publique. Mambo yalidumu miezi michache tu. Waliokufa ni Wazungu wachache na Waafrika kwa mamia. Bushiri alikamatwa, akahukumiwa, akafa mikononi mwa serikali. Mwezi wa pili wa mwaka uleule askari wenyewe waliasi Luluaburg, na miaka miwili na zaidi mbele, mwezi wa kumi na mbili 1941, wachimbaji wa Elisabethville waliokataa kazi walipigwa risasi kwa makumi. Kongo yote ilikuwa imechoka.

Namna gani tumhukumu Bushiri? Mimi ni padri, siwezi kumsifu. Mtu akijiita Mkombozi amejiweka mahali pa mmoja tu, na damu iliyomwagika ilikuwa damu ya watu, nyingi ikiwa ya watu wake mwenyewe, waliodhani labda risasi hazitawashinda. Katika Matendo ya Mitume Gamalieli anawakumbusha wazee wa Israeli habari ya Teuda na ya Yuda Mgalilaya, ambao waliinuka na wafuasi wao wakatawanyika. Bushiri aingie katika hesabu hiyo. Walakini Gamalieli hakusema ya kwamba watu waliomfuata Yuda Mgalilaya walikuwa wajinga. Walikuwa watu waliolemewa na kodi ya Roma.

Na hapa nataka kusimama kidogo, kwani ndipo sisi wa Kanisa tunapohusika. Mapadri Weupe walileta Injili katika nchi zetu kwa uvumilivu mkubwa. Kardinali Lavigerie alikuwa ameagiza miaka minne ya matayarisho kabla ya ubatizo, na tunda la agizo lile ni ninyi na mimi. Wengi wa mapadri wale waliwahurumia watu, na wako walioandika na kulalamika kwa wakubwa juu ya kazi za lazima. Lakini katika vitabu vya mafundisho neno lilibaki neno: kutumikia. Hakuna aliyelitazama kwa macho ya mtu mwenye kikapu. Padri anayejua Kilatini alisikia ndani ya neno hilo utumishi wa malaika na wa Bikira Maria. Mtu wa Nyabiondo alisikia filimbi ya kapita. Mambo ya 1944 yalipotokea, Wazungu wengi, wa serikali na wa misioni, walisema tu: ni uzushi, ni uchawi, ni mkono wa watu wa nje. Yote matatu yalikuwa na kipande cha ukweli. Lakini hawakuuliza ya kwamba labda mtu huyu anatafuta ajue ameumbwa kwa nini.

Mmoja alianza kuuliza, mbali na kwetu, katika Katanga. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuwa amefundisha miaka mingi kati ya Waluba akaona ya kwamba maneno yake hayaingii moyoni. Ndipo alipobadili njia: akaacha kwanza kufundisha, akaanza kuwauliza watu wanataka nini hasa. Kitabu chake juu ya filosofia ya Wabantu kilitoka Elisabethville mwaka wa 1945, mwaka mmoja tu baada ya mambo ya Masisi-Lubutu. Baadaye, toka mwaka wa 1953, kati ya wafanyakazi wa madini karibu na Kolwezi, Jamaa ilizaliwa katika mazungumzo yale. Wazee wa Jamaa wanakumbuka maneno matatu ambayo watu walimpa alipowauliza: uzima, uzazi, mapendo. Hawakumwambia mshahara, ingawa walikuwa wachimbaji na mshahara ulikuwa mdogo. Hawakumwambia wala ufalme wa dunia. Walitaka kuishi kwa nguvu, kuzaa, na kupendana.

Wako waliomchukia Tempels, na Jamaa yenyewe imekuwa na makosa yake ambayo maaskofu walipaswa kuyazuia. Filosofia yake pia imepingwa na watu wenye elimu, nao ni Waafrika. Tuache hayo kwa wenye kufundisha filosofia. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba maneno yale matatu ya wachimbaji yanafaa kuwekwa kando ya yale matatu ya mafundisho. Kujua, kupenda, kutumikia. Uzima, uzazi, mapendo. Neno la kupenda limo pande zote mbili, lakini neno la kutumika limo upande mmoja tu, na si upande wa wafanyakazi.

Turudi pori la Walikale. Mwaka wa 1956, ndiyo kusema miaka 12 tu baada ya risasi, mwalimu mmoja wa Ubelgiji, Daniel Biebuyck, alikaa kati ya Wanyanga akiandika hadithi zao. Mzee Candi Rureke, aliyeheshimiwa kwa jina la She-Karisi, alimwimbia na kumchezea hadithi ya Mwindo kwa muda wa siku 12, na watu wa kijiji wakaitikia na kupiga fimbo za mdundo. Hadithi ilitoka kitabuni mwaka wa 1969, kwa Kinyanga na Kiingereza, pamoja na kazi ya Kahombo Mateene, aliye mwana wa nchi. Leo inasomwa katika vyuo vikuu vya Marekani, na watoto wa Nyabiondo wengi hawajapata kuisikia. Ni aibu yetu kidogo.

Tazameni hadithi ile inasema nini juu ya swali letu. Shemwindo, mwami wa Tubondo, anakataza wake zake wasizae mtoto mwanaume. Mwindo anazaliwa hata hivyo, tena kwa ajabu, akitembea na kusema mara tu anapozaliwa. Baba yake anajaribu kumwua: anamzika, kisha anamfunga ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mwindo anapona, anaelekea kwa shangazi yake Iyangura, anarudi na nguvu, anamfuata baba yake hata kuzimu, na mwishoni baba anakiri kosa lake na kugawa ufalme pamoja naye. Mtu angedhani ya kwamba hadithi imekwisha hapo. Mtoto aliyeonewa ameshinda, anatawala. Ni mwisho ambao Mkitawala angeupenda.

Lakini Rureke hakumaliza hapo. Mwindo, aliyekuwa akijisifu siku zote, anamwua mnyama mkubwa wa pori, Kirimu, na kumbe huyo alikuwa rafiki wa damu wa Nkuba, mwenye radi. Nkuba anamshika Mwindo na kumpandisha mbinguni. Huko juu shujaa wetu hana nyumba. Baridi inampiga, Mvua inampiga, Jua linamchoma, naye hana mahali pa kukimbilia. Anakaa mwaka mzima. Anaambiwa asiue tena mnyama yeyote, wa pori wala wa kijijini, hata mdudu. Ndipo anaporudishwa kwake, naye sasa haongei habari za nguvu zake. Anawapa watu wake maagizo ya kawaida kabisa: walime vyakula vingi, wajenge nyumba nzuri, wasigombane, wasifuate mke wa mwingine, wasimcheke kilema anayepita kijijini. Wamwogope mwami wao, na mwami naye awaogope wao.

Nimeisoma sehemu ile mara nyingi. Wazee wa pori hawakusema ya kwamba mtu ameumbwa ili atumike, wala hawakusema ya kwamba ameumbwa ili atawale. Aliyeonewa ana haki ya kurudi na kudai mahali pake, hilo wanalikubali bila mashaka yoyote. Lakini akiisha kulipata, bado hajajua yeye ni nani mpaka atakapokaa katika baridi, mahali ambapo nguvu zake hazimfai kitu. Bushiri hakupewa nafasi ya kufika hapo, na wenye kumpiga risasi hawakutaka kupanda huko kabisa. Sisemi ya kwamba Mwindo ni Injili. Nasema ya kwamba siku alipokuja katekista wa kwanza katika nchi hii alikuta watu waliokuwa wamekwisha kufikiri.

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya dini zisizo za Kikristu, unaanza kwa kuhesabu maswali ambayo watu wote huyaleta katika dini zao: mtu ni nani, maisha yana shabaha gani, mateso yametoka wapi na yanafaa nini, baada ya kufa kuna nini. Maaskofu hawakuandika ya kwamba maswali hayo ni ya wenye shule.

Sasa neno kwa makatekista, kwani wao ndio wanaobaki na jibu mkononi mbele ya watoto. Lugha yetu ina mzizi mmoja, kutuma, na matawi mengi. Kutoka hapo tunapata mtumwa. Tunapata mtumishi, na kutumika. Lakini kutoka hapohapo tunapata mtume. Petro na Paulo wanaitwa kwa neno lililozaliwa na mama mmoja na neno la mtumwa! Tofauti yake ni nini? Mtumwa anatumwa bila kujua nia ya bwana wake. Mtume anatumwa na mtu aliyemwambia siri yake. Ndivyo Bwana wetu alivyosema katika karamu ya mwisho, kama Yoane anavyoandika: hakutaka tena kuwaita watumwa, bali rafiki, kwa sababu aliwajulisha yote aliyoyasikia kwa Baba. Basi kabla ya kumwambia mtoto ya kwamba ameumbwa amtumikie Mungu, tumwambie Mungu amemfunulia nini. Tena tusiruke maneno mawili ya kwanza. Kujua na kupenda vimewekwa mbele kwa maana.

Labda nilimjibu yule baba wa Nyabiondo vizuri sasa, lakini nimechelewa miaka mingi, na ni rahisi kujibu ukiwa mbele ya karatasi. Kwa maana swali halikwisha. Mwaka wa 1993, mimi nikiwa mtoto mdogo, vita vilianza katika soko la Ntoto, upande wa Walikale, na toka siku ile Masisi haijapata kupumzika kweli. Mwezi wa tano 1996 damu ilimwagika hata katika monasteri ya Mokoto, ambayo Watrapisti walikuwa wameianzisha mwaka wa 1954 juu ya ziwa, mahali ambapo watu walikuwa wamekimbilia wakidhani ya kwamba hapo angalau hakuna mtu atakayewafuata. Vijana wa vilima hivi wamekua na bunduki karibu na nyumba.

Mmoja wao alikuja kwangu baada ya Misa. Alikuwa ametoka katika kikundi, ameacha silaha, ana vidonda viwili mguuni. Nilidhani anataka kuungama, au anaomba msaada wa pesa. Akaniuliza: “Padri, nikiwa sipigani, mimi nitatumika nini?” Alitumia neno lile lile. Nilianza kumwambia habari za shamba, za kazi ya seremala, za misioni. Alisikiliza kwa heshima. Kisha akasema: “Hapana. Kule kwenye kikundi walikuwa wananiita kwa jina, asubuhi na jioni. Hapa hakuna anayeniita.” Nikanyamaza, kama mzee wangu alivyonyamaza mbele ya baba yake. Sasa kijana yule anakuja kusaidia kupanga viti kabla ya Misa. Sijui kama atakaa.

Nina ombi moja. Waliokuwa watoto mwaka wa 1944 wamebaki wachache sana, na kila mwaka wanapungua. Wakitawala nao wapo hata leo katika Kongo ya mashariki, na baadhi ya wazee wao wana habari walizopokea kutoka kwa baba zao. Makatekista walio Walikale, Lubutu, Masisi na Pinga, kama katika parokia yenu yuko mzee, mwanaume au mwanamke, anayekumbuka mwaka wa mpira, nendeni kwake na daftari. Andikeni jina la kijiji, na lugha aliyoitumia. Kama amesema kwa Kikumu au Kinyanga, andikeni kwanza kwa Kikumu au Kinyanga, kisha tafsiri. Mwulizeni mama nani alilima wakati wanaume walipokuwa katika pori. Msiyanyoshe maneno yake, hata yale ambayo hayakubaliani na katekisimu. Tumeni daftari kwa padri wa parokia, naye atajua njia ya kulifikisha.